Kikundi cha Jumanne na Fundi Tuliyemnunia

Karakana ya Vyerehani,
Nyuma ya Duka la Vifaa vya Shule,
S.L.P. 218.

Jumapili, 14 Septemba.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, na hapa nyumbani sote hatujambo, isipokuwa mama ambaye mafua yamemng'ang'ania wiki ya pili sasa, na ukimwambia apumzike anakununia. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ngazi kwa kujivuta, au zile dawa zimesaidia? Na wajukuu wako mapacha, wameacha kung'atana?

Barua yako niliipata Alhamisi, nikaisoma nimesimama mlangoni, funguo mkononi. Nimefurahi mno kusikia mito na magodoro yako ya watoto yanapata wanunuzi. Nimeliona pia lile swali ulilolipigia mstari mara mbili: wafanyabiashara wadogo wa huko wameanzisha kikundi cha kukutana kila wiki na kutafutiana wateja, wanakuita, na wewe hujui kama kina maana au ni watu kunywa chai na kusifiana. Umeniuliza mimi kwa sababu niko kwenye kikundi cha aina hiyo tangu Novemba.

Nitakujibu kwa ukweli. Ila jibu lenyewe lilipita njia ambayo sikuitegemea, na linakugusa na wewe. Kwa hiyo vuta kiti ukae.

Aliyeniingiza ni mchapaji wa kadi, yule mama wa chumba cha chini ambaye akicheka mashine zangu zinatetemeka. Yeye ndiye mwenyekiti. Tunakutana kila Jumanne saa moja asubuhi kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa, watu kumi na wawili, kila mmoja na kazi yake. Sharti lao kubwa ni kwamba kazi moja ina mtu mmoja: mwokaji keki mmoja, fundi makufuli mmoja, muuza bima mmoja, na mtengenezaji wa vyerehani mmoja, ambaye ni mimi. Kila mtu anasimama na kueleza kazi yake kwa dakika moja. Dakika ikiisha, simu ya mwenyekiti inalia, nawe unakaa hata kama ulikuwa katikati ya neno.

Siku ya kwanza nilisema, “Natengeneza vyerehani,” halafu nikasahau mengine yote. Watu wakaniangalia, nikawaangalia. Mpaka simu ilipolia nilikuwa nimekunja leso ya karatasi ikawa kama kidonge.

Miezi mitatu ya mwanzo, Shangazi, sikuona faida yoyote. Sote tulikuwa wauzaji na mnunuzi hakuna. Mwokaji keki aliniomba kadi mara tatu, na mara zote tatu aliniuliza kama nashona suruali. Mimi nikaishia kununua mtungi wa kuzimia moto kwa kumwonea haya muuzaji. Mama aliuona ukutani akaniuliza kama sasa nimehamia kituo cha zimamoto.

Nilikuwa nimeshaamua kuacha. Kisha siku moja fundi makufuli, mtu mkimya ambaye hata dakika yake huwa haimalizi, akanifuata nilipokuwa natoka. Akaniuliza, “Mshonaji mashine yake ikikwama, anamlalamikia nani kwanza?”

Nikasema, “Mume wake.”

Hakucheka. “Na baada ya mume?”

Nilikaa na swali hilo siku nzima kazini. Halafu nikagundua: anamlalamikia muuza nyuzi! Uzi ukikatika, mshonaji anadhani uzi ni mbovu, anaurudisha dukani kwa hasira. Kesho yake nikaenda kwa yule mama wa duka la nyuzi, jirani yetu wa miaka yote, nikamwomba akiletewa uzi “mbovu” awaelekeze watu kwangu. Wiki hiyo hiyo wakaja wawili. Yeye hayumo kwenye kikundi chochote na hataki kuwemo. Lakini bila fundi makufuli nisingemfikiria, na fundi makufuli nisingemjua bila kikundi. Sasa hapo faida unaiandika kwa jina la nani? Nimeliwaza jambo hili sana.

Basi nikabaki. Mwezi wa tano mwenyekiti akatutangazia kwamba kuna mtu anaomba kujiunga, ila kuna tatizo dogo, kazi yake ni ile ile yangu. Kwa sharti letu, mwenye kazi ndiye anayeamua. Nikikataa, basi, hakuna wa kunihoji. Akaniambia watu humwita Fundi Mrefu.

Najua umeshaacha kusoma, umeiweka barua mapajani. Iokote, Shangazi.

Nimekua nikisikia kwamba huyo mtu alifundishwa kazi na marehemu baba miaka tisa, akala mezani kwetu, kisha akaondoka bila kuaga na kuwavuta wateja nusu nzima. Wewe mwenyewe ulitukataza kumtaja. Nilikuwa nikimwona sokoni nahamia upande wa pili. Kwa hiyo jibu langu lilikuwa tayari mdomoni, la, tena kubwa. Lakini mwenyekiti akasema nina wiki mbili za kufikiri, na unanijua. Ukinipa wiki mbili, nitachimba.

Nilitaka kujua kitu kimoja tu: mtu aliyetufanyia hivyo anathubutuje kuja kuomba ruhusa kwetu? Jumamosi asubuhi nikaenda karakana yake.

Ni chumba kimoja kirefu, kisafi, kimejaa mashine kubwa za umeme za viwandani ambazo mimi sizijui hata kuzifungua. Alikuwa amelala chali chini ya moja, miguu nje. Aliponiona akajipangusa mafuta mikononi taratibu, kidole baada ya kidole, kama anayetafuta muda.

“Umefanana na baba yako ukikasirika,” akasema.

“Sijakasirika, mzee. Nimekuja kuuliza. Uliondoka kwa nini?”

Akanipa kiti. Yeye hakukaa. “Hilo ungemuuliza yeye.”

“Yeye ametangulia miaka tisa sasa.”

 Akaniambia kwamba mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo, asubuhi tu, baadaye siku nzima. Mashine zikawa zinatoka karakana na kasoro zile zile zilizoingia nazo. “Nilimwambia mara moja tu, kwa upole, tukiwa wawili. Hakunigombeza. Alikaa siku tatu bila kusema nami. Nikaona nikiendelea kubaki, kila akiniangalia ataiona mikono yake. Nikaondoka.”

“Na wateja ukaondoka nao.”

“Walinifuata. Wakiniletea mashine aliyoigusa yeye, nilikuwa naitengeneza upya, nawaambia fundi wenu aliimaliza, ilihitaji kuzoea tu, rudini kwake. Wengine walirudi. Wengine hawakurudi.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwa miaka yote hiyo. Akasema, “Ningesemaje bila kumtangaza?”

Nilitoka pale sijui nimwamini au la. Maneno ni rahisi, na aliyeweza kuyakanusha hayupo. Nikaenda moja kwa moja kwa mama wa duka la nyuzi, maana dukani kwake hupita kila mtu anayeshika sindano. Sikumtajia habari yoyote. Nikamuuliza tu kama anakumbuka watu walisema nini juu ya baba miaka ile. Akaacha kupanga makasha yake. Akaniambia wapo washonaji waliokuwa wanapita kwake wakishangaa kwamba Fundi Mrefu anawafukuza, anawarudisha kwa baba yangu, na wao hawataki. “Tulidhani anaringa,” akasema.

Ndipo likanijia jambo ambalo halijawahi kunisumbua maisha yangu yote. Unakumbuka baba alivyokuwa ananiita nitokapo shule nimfungie skrubu ndogo? Zote ndogo zilikuwa zangu. Alikuwa anasema, “Njoo ujifunze.” Na mimi nilijiona mtoto mwerevu kuliko wote mtaani, baba ananiamini na skrubu. Shangazi, nilisimama pale njiani na mfuko wa sindano mkononi, watu wananipita, nikashindwa kusogea.

Nyumbani nilimwambia mama. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, halafu akasema, “Mikono niliijua. Habari ya huyu sikuijua.” 

Jumanne iliyofuata mwenyekiti akauliza uamuzi wangu. Nikasimama nikasema aingie. Muuza bima akaruka: sharti ni sharti, leo tukiruhusu vyerehani viwili, kesho watakuja bima wawili. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Fundi makufuli ndiye aliyeuliza, “Hivi wewe na yeye mnafanya kazi moja kweli?” Nikafikiri. Nikawaambia ukweli kwamba mashine zake mimi sizijui kabisa, na za kukanyaga kwa miguu yeye ameziacha miaka mingi. Wakakubali, muuza bima akiguna.

Nisikufiche, mwezi wa kwanza niliumia. Wateja wangu wawili walihamia kwake, mmoja akiwa yule mama wa sare za shule niliyempenda kwa mazungumzo yake. Nilijilaumu. Nilikaa karakana nikijiuliza kama nimemfungulia mtu mlango wa mbele atoke na samani.

Kisha fundi makufuli, aliyekuwa anabadilisha vitasa kwenye chuo cha ufundi, akasikia kwamba mashine zao thelathini na moja zimelala muda mrefu, karibu nusu za kukanyaga, zilizobaki za umeme, na chuo kinataka mtu mmoja wa kuzitengeneza zote kabla muhula haujaanza. Mimi peke yangu nisingeweza, na yeye Fundi Mrefu asingeweza. Tukaenda wawili.

Wiki tano tulifanya kazi kwenye ukumbi mmoja. Siku za mwanzo tulisemezana kwa “nipe bisibisi” na “shika hapa.” Siku ya nne alinikuta nafunga skrubu ya bobini, pale uzi wa chini unapokaa, akasimama nyuma yangu kwa muda. Akasema, “Hivyo ndivyo alivyokuwa anafunga. Robo nyuma kwanza, ndipo mbele.” Sikujua kwamba ni ya baba. Nilidhani watu wote wanafunga hivyo. Ijumaa iliyopita tumekabidhi ya mwisho, zote thelathini na moja zinashona.

Sasa swali lako. Katika miezi kumi, walioniletea wateja moja kwa moja ni watatu kati ya wale wote; waliobaki ni kadi kwenye droo. Ukienda kwa kutafuta wateja peke yake, utachoka kabla goti halijachoka. Lakini mimi nilikuwa nimejifungia na mashine miaka tisa, nikijibu maswali yangu mwenyewe, na sikujua kuna mengine ambayo sijajiuliza. Nenda mara nne au tano. Sikiliza nani anauliza na nani anauza tu. Kama hakuna hata mmoja anayeuliza, baki na magodoro yako. Halafu uniandikie, kwa kweli natamani kujua wa huko wakoje.

Kuhusu Fundi Mrefu sikulazimishi lolote. Marehemu alikuwa kaka yako kabla hajawa baba yangu, na hasira hii umeibeba muda mrefu kuliko mimi. Nimeona tu si haki nijue peke yangu.

Nisalimie binamu zangu wote, wapachike mapacha busu kwa niaba yangu, na jirani yako mwenye redio mwambie bado namkumbuka. Mama anakusalimu sana, anasema mafua yakiisha atakuandikia kwa mkono wake. Mungu akulinde, akupe nguvu ya mguu na wepesi wa moyo.

Nilipomwambia Fundi Mrefu kwamba leo nakuandikia, hakuomba salamu. Aliuliza kama bado unashonea ile cherehani yako nyeusi aliyokutengenezea baba, na kama bado inaruka mishono kwenye kitambaa kizito. Nikasema sijui. Akasema kama inaruka, usibadilishe sindano. Kaza skrubu iliyo juu ya mguu wa kukandamiza kitambaa, nusu mzunguko tu. Anasema alitaka kukuambia tangu wiki aliyoondoka.

Ni mimi nikupendaye daima,
binti wa kaka yako.