Kabla Baba Hajaliona Gari

Jumatatu, 3 Machi

Baba ameondoka. Dada mkubwa kaja kumchukua asubuhi. Atakaa kwake, karibu na hospitali, mpaka jicho la kulia lipasuliwe na lipone. Hatimaye mtoto wa jicho anatolewa! Tumembembeleza mpaka tukachoka. La kushoto litafuata baadaye, akikubali.

Kabla ya kupanda teksi akapapasa boneti ya gari lake kama anayemuaga mtu. Akauliza swali lake la kila siku: linang'aa? Mama akajibu bila hata kugeuka — linang'aa, baba watoto, mtu anaweza kunyolea ndevu.

Uongo mtupu. Gari limepauka kama suruali ya shule mwisho wa muhula. Na aliyelipausha ni mwenyewe. Kila asubuhi ndoo, sabuni ya unga na kitambaa chake. Kitambaa kikimponyoka kinaangukia mchangani, anakiokota, anaendelea kusugua. Yeye mchanga haoni. Sisi tunauona. Lakini nani angemnyang'anya kitambaa? Dereva wa malori maisha yake yote, na leo barabara anavushwa kwa kushikwa mkono. Kuosha gari ndiyo kazi iliyombakia. Basi tukanyamaza, na kusifia tukasifia.

Sasa ataona. Mchana kutwa nimeshona mapazia ya mteja, na kichwani ni hilo tu. Akishaliona gari, atajiuliza tumemdanganya na nini kingine.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Kipara, fundi rangi wa magari wa mtaa wa pili. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakalia tairi. Halafu akaacha kucheka. Akasema gari la mzee analijua, vanishi inayofunika rangi bado ipo, michirizi ya mchanga iko juu juu, itatoka. Ila yeye amebanwa na kazi mpaka mwisho wa mwezi.

Nikamwambia basi niazime mashine. Akanitazama juu mpaka chini — wewe si fundi cherehani? Nikamjibu, zote si zina mota!

Nimerudi na mashine ya polishi, sponji zake, dawa ya kukata michirizi, na boneti moja mbovu ya kujifunzia. Masharti ni haya: sponji ilale bapa. Usikandamize. Usigande mahali pamoja. Na kwenye kingo pita kama mwenye haraka, maana huko rangi ni nyembamba.

Rahisi. Au nilidhani hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Nimeiwasha mashine ingali hewani, sponji imejaa dawa. Dawa ikaruka — ukutani, kwenye nywele zangu, kwenye mashuka ya Mama aliyotoka kuyaanika. Mama akatoka na mwiko mkononi. Akauliza kama nasafisha gari au napaka nyumba chokaa. Akayaanua, akayafua upya huku anaimba. Mama akiimba hivyo ujue amekasirika.

Kosa la pili ni la mguu. Nikitaka mashine ipunguze mwendo, mguu wangu wa kulia unakanyaga chini kutafuta pedeli! Miaka yote hii ya cherehani, mguu hauambiliki. Nakanyaga mchanga, mashine inazidi kunikokota. Mama alisahau hasira zake, akakaa kizingitini akicheka na kujifuta machozi kwa upindo wa gauni. Mwishowe nilivua kiatu cha kulia. Mguu ukijua uko mtupu unatulia. Sielewi kwa nini, lakini imesaidia.

Dada kapiga simu. Upasuaji umekwenda salama. Baba amefungwa bandeji, analalamika chai ya kwa dada ni maji ya moto. Basi ni mzima.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimegusa gari lenyewe. Nimeliosha, nikalipitishia udongo laini wa Kipara unaonasa uchafu, nikabandika utepe wa karatasi kwenye mipira na taa. Kisha nikabandika mwingine katikati ya boneti, juu mpaka chini, nione tofauti ya upande na upande. Kipara ndivyo anavyofanya.

Jua lilipopiga nikaiona michirizi vizuri. Yote ni ya mviringo. Ni mkono wa Baba huo, unavyozunguka. Juu ya paa imekomea katikati, pale mkono wake unapoishia, halafu imeanza tena upande wa pili. Nilisimama na mashine yangu nikashindwa kuanza. Nampenda mzee huyu jamani, hata uharibifu wake.

Nikaanza. Taratibu, wima, halafu kulala. Nikafuta kwa kitambaa — buluu! Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba gari letu ni la buluu. Nikajiona humo ndani, na dawa usoni. Nikamwita Mama. Akainama, akaangalia. Halafu akarekebisha kilemba chake mle mle kwenye boneti, akarudi jikoni. Leo nimepakuliwa nyama nyingi kuliko siku zote.

Jumapili, 9 Machi

Nimeiunguza!

Paa na milango tayari, nilikuwa namalizia ukingo wa mbele wa boneti. Mteja wa mapazia akabisha getini. Nikageuza kichwa kumwitikia, na mikono ikabaki pale pale. Niliporudisha macho nikakuta kidoa cheupe, kama ukucha wa dole gumba. Rangi imeisha, imebaki ya chini. Nililia. Mteja akadhani nalilia mapazia, akaniambia pole, hana haraka nayo.

Kipara kaja jioni. Akachuchumaa, akaguna. Kesho ataleta brashi ndogo.

Jumatatu, 10 Machi

Kipara ametia tone la rangi. Ukisimama huoni kitu. Lakini mimi mashine nimeirudisha ndani. Nusu ya boneti bado, na sithubutu.

Dada kapiga. Bandeji imefunguliwa na Baba anaona! Kahesabu vifungo vya koti la daktari. Kamwambia dada amenenepa. Anarudi Alhamisi, na ana hamu ya kuona vitu viwili tu, mkewe na gari lake. Mama akadaka simu — kipi kwanza? Dada akasema mtandao unakatika.

Jumanne, 11 Machi

Sijagusa. Mama amenisema: shati ukilikata vibaya mkono mmoja, mteja unamvalisha nusu? Kesho lazima nimalize. Kesho asubuhi, kabla ya chochote.

Jumatano, 12 Machi

Wamekuja leo! Baba kakataa kungoja Alhamisi. Mashine nimeishika, waya bado sijachomeka, teksi hiyo inaingia.

Ameshuka mwenyewe. Hakushikwa mkono. Amekwenda kwanza kwa Mama, nashukuru, nyumba imenusurika. Akamtazama kwa muda, akamwambia kumbe hujazeeka, ni ule ukungu tu. Mama akamwambia aache ulaghai wake, akaingia ndani haraka ili asionekane anavyotabasamu.

Halafu gari.

Amesimama mbele ya boneti. Kaziba jicho la kulia kwa kiganja. Kaziba la kushoto. Kalirudia la kulia. Nilidhani sasa atageuka atuulize. Akasema polepole, kama anayeomboleza: daktari amenifanyia nusu. Upande huu wa boneti naona mpaka mawingu, upande huu ukungu mtupu.

Dada akafungua mdomo, akaufunga. Mimi pia. Tumeshazoea.

Baba akaendelea. Gari linang'aa lote, nyie wenyewe mnaniambia kila siku. Basi kasoro ni ya jicho. Na kama kupasuliwa kwenyewe ndiko huku, la kushoto hagusi mtu, heri nibaki nalo hivyo hivyo.

Ametuamini sisi kuliko jicho lake mwenyewe! Nimekimbilia jikoni kutafuta maneno, nimepata kalamu tu. Huku naandika, namsikia nje anamwomba dada ampe miwani myeusi, hana haja ya kuangalia zaidi. Nikinyamaza leo, mzee wangu atapofuka jicho moja kwa sababu ya heshima zetu.

Naenda. Sitamweleza kitu kwanza. Nitamsimamisha pale pale mbele ya upande wa ukungu, niupitishie mashine, aone. Akikasirika, akasirike akiniona vizuri.

Mama ameshachomeka waya.