Twalibu wa Baragumu, Mwaka Bila Pumzi Yako

Desemba imefika tena, Twalibu mwanetu, na mwaka umetimia tangu utuache. Mama yako alitembea siku nyingi na neno moja limemganda kama kupe. Alilisikia bombani hapa Isevya, ndoo yake haijajaa hata nusu, tanga lako halijaanuliwa: kwamba hukufa kwa ugonjwa. Kwamba baragumu lako lilipakwa kitu mdomoni siku ya sherehe, na aliyepaka ni Muhanna, mpiga ngoma wako.

Akichambua mchele, neno lipo. Akitoa salamu ya sala, neno lipo. Ndiyo maana leo, badala ya kukulilia tu, ameomba ukumbukwe hadharani na mambo yasemwe yalivyokuwa, wasikie walio hai, hasa vijana wa ngoma.

Ulikuwa fundi bati, na koroboi nyingi zinazowaka Isevya zimetoka mikononi mwako. Mjane akileta ndoo iliyotoboka ulikuwa unaiziba, kisha unajifanya una haraka ya kwenda msikitini ili asikuulize bei. Hukuweza kukata bati kabla ya kuligonga na kusikiliza linavyolia. Majirani walilalamika. Mama yako alikuwa wa kwanza kulalamika, na wa kwanza kutikisa mabega akidhani hakuna anayemwona. Ulimwona, ukamcheka mpaka nyundo ikakudondoka.

Ulimwita Mama Ole Wako, kwa sababu kila ulipotoka alikuwa nayo ya kukupa. Ole wako ulale juu ya lori. Ole wako unywe maji ya kisima usichokijua. Ole wako uoe huko. Hiyo ya mwisho Semeni mkeo alikuwa akimwomba airudie, usije ukasema hukusikia.

Baragumu lilikuwa la babu yako Mfaume, baba yake mama, aliyebeba pembe za ndovu toka hapa mpaka pwani angali kijana, baadaye akapanda cheo akawa mpigaji wa mbele wa msafara. Pembe ya tandala, nyeusi, inang'aa kwa mikono ya miaka mingi. Alikufundisha ukiwa umekaa katikati ya magoti yake, mashavu yamekuvimba kama ya chura, na alikupa na nyimbo: za kupandia mlima, za kuvukia mto, za kuwasema wenye mali huku wenyewe wanatikisa kichwa wakidhani wanasifiwa.

Wengi walizionea haya nyimbo zile. Walisema ni za unyonge, zizikwe na waliozibeba. Wewe ulisema hapana. "Njia hii imetengenezwa na nyayo za watu wetu. Tusipoiimba sisi, ataiimba nani?"

Siku ya Uhuru ulisimama uwanjani ukawauliza watu kama babu alivyokuwa akiwauliza wapagazi. "Mzigo ni wa nani?" Wakajibu kama wimbo unavyotaka, "Wa tajiri!" "Na bega?" "Langu!" Kisha ukaongeza lako, ambalo babu hakuwahi kuliimba: "Na njia?" Watu wakatazamana. Ukajibu mwenyewe, "Yetu!" Ulipouliza mara ya pili walijibu wao, na mama yako aliisikia sauti yake ikiwa juu kuliko za wanaume. Siku ile alijua kwamba mtoto aliyemzaa si wake peke yake tena.

Tangu hapo hukukaa. Saba Saba ni wewe. Sherehe ya chama ni wewe. Harusi Isikizya, tohara Sikonge, wakulima wa pamba Nzega wanatuma lori likufuate. Vijiji vya ujamaa vilipoanza ukaenda kuwaimbia watu wakifyatua matofali, ukarudi sauti imekauka.

"Wamekupa nini?" mama yako akauliza.

"Wamenipa kuku wawili, mama. Mmoja amenitoroka njiani."

"Na huyu mwingine?"

"Huyu ameona aje akusalimie."

Ukiwa umevaa kaniki na shanga za wapagazi, ulikuwa unaingia uwanjani umeinua kidevu kama mtu anayerudi kwake. Walimu walileta watoto wa shule wakusikilize. Tunajivuna kwa hilo, na hatutaacha kujivuna.

Sasa tuje kwa Muhanna, maana bila yeye habari yako haikamiliki. Ni mtoto wa wale Waarabu wenye duka karibu na soko, ambao babu zao walikuwa na misafara yao. Alikuja siku moja kutengenezewa taa, akasikia unavyogonga bati, akaanza kukujibu kwa vidole juu ya meza. Taa ikasahauliwa. Ulipomwingiza kwenye kikundi, watu walicheka. "Ee Twalibu! Mjukuu wa wenye mizigo anawapigia ngoma wabeba mizigo?"

"Ndiyo," ukawajibu, "safari hii na yeye abebe." Ukampa ile ngoma kubwa kuliko zote. Aliibeba miaka yote ile kutoka kijiji hadi kijiji, bega lake likaota sugu, na hakuna aliyemsikia akinung'unika.

Mwaka jana, miaka kumi ya Uhuru ilipokaribia, kamati ya sherehe ilitaka msafara wa zamani uonekane tena: wapagazi na mizigo yao, kutoka Kwihara, kituo cha misafara ya kale, mpaka uwanjani mjini, na wewe mbele. Hapakuwa na heshima kubwa kuliko ile. Na wiki ileile kifua kikakukamata. Muuguzi Bernadeta alikuchoma sindano, akakwambia urudi kila siku mpaka zitimie, na ulale. Sindano mbili zikakupa nafuu, ukaona umepona. Ya tatu hukuifuata. Asubuhi ya sherehe homa ilikuwa imerudi, mama yako akakukuta unafunga kaniki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi na kifua hicho?"

"Kwihara. Watu wananingoja."

"Mpe Muhanna baragumu. Anajua kulipiga."

"Baragumu halibadili mdomo njiani, mama. Aliyelifungua ndiye anayelifunga. Si maneno ya baba yako hayo?"

"Ni yake. Na alimalizia hivi: mpigaji akiugua, msafara unakaa. Mizigo inatuliwa, watu wanapika, wanamngoja mtu wao hata kama ni siku ngapi. Hilo mbona hulisemi?"

Ukacheka, na kikohozi kikakukata kicheko katikati. "Msafara wa leo una wageni wamekaa jukwaani, Mama Ole Wako. Utakaaje?"

Hapo ndipo ulipokosea, mwanetu, na mama yako anakusema kwa kukupenda. Mwiko wa babu ulikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza unalinda heshima ya baragumu, huo uliushika. Wa pili unalinda uhai wa mpigaji, nao uliuacha nyumbani mlangoni, mama yako ameushikilia.

Mvua iliwakuta njiani na haikuwaonea huruma. Lakini mlipoingia uwanjani, ee Twalibu! Mama yako alikuwa amesimama karibu na kamba, kanga yote imelowa. Wapagazi nyuma yako mizigo kichwani, ngoma ya Muhanna inanguruma, na baragumu likatoa ile sauti ndefu ya kusema tumefika. Wazee walisimama. Ulipouliza "Na njia?" uwanja mzima ulijibu "Yetu!" mpaka vifaranga waliokuwa kwenye tenga la muuza kuku wakaanza kupiga kelele. Hakuna aliyejua kwamba ubavu unakuchoma kama kisu. Ulitua baragumu chini taratibu, kama babu alivyokuonyesha, ndipo ukaanguka.

Kichomi kilikuwa kimeshika pande zote mbili. Hukumaliza wiki.

Udongo wa kaburi lako haujakauka, Mwanne jirani yetu akamsogelea mama yako bombani. "Mama Twalibu, wewe ni mtu mzima, fungua macho. Mtoto wa Kiarabu anatafuta nini kwenye ngoma ya wapagazi? Nani alilifuta lile baragumu kwa kitambaa kabla halijapigwa?"

"Muhanna."

"Haya. Mimi sijasema kitu."

Akaenda kutosema kitu katika nyumba zote za Isevya. Siku chache baadaye Muhanna akitoa salamu, watu wanaangalia pembeni. Ngozi ya ngoma yake ilikutwa imechanwa kwa wembe. Kikundi chako ulichokijenga kikagawanyika, hawa hawataki kukaa na muuaji, wale hawataki kukaa na waongo. Dukani kwa baba yake mtu mmoja alipita akisema kwa sauti kwamba kisasi cha damu hakina mwaka. Tuliona wazi kwamba akitokea kijana mmoja wa kushika panga, tutazika mara ya pili, na mara hii tutamzika asiye na kosa.

Ikiwa hana kosa. Hilo "ikiwa" lilimkaa mama yako kooni. Akaona asilimeze wala asiliteme kabla ya kuuliza.

Alikwenda kwanza kwa Bernadeta. Muuguzi yule aliacha kazi aliyokuwa anafanya, akamtazama. "Mama yangu, Twalibu alikuja kwangu anakohoa kabla ya sherehe. Siku hizo baragumu lilikuwa limetundikwa nyumbani kwako. Sasa sumu ya sherehe ilimkohoza vipi kabla ya sherehe? Nilimngojea sindano ya tatu. Nikatuma mtu. Akaniambia amemkuta fundi anaimba."

Kisha mama yako akamwita Muhanna. Alikuja amekonda, akakaa kizingitini kama mgeni, wakati nyumba hii alikuwa anaingia mpaka jikoni kufunua sufuria.

"Baragumu ulilifuta?"

"Nililifuta, mama. Maji ya moto na chumvi, kama ulivyotuonyesha wewe."

"Ulimwona anaumwa?"

"Nilimwomba anipe. Tulipotoka Kwihara nilimwomba. Mvua ilipoanza nilimwomba tena, akanisukuma kwa kiwiko. Nikasema basi angalau vaa koti langu. Koti alikubali."

Koti. Mama yako alikuwa amelifua, amelikunja, ameliweka kwenye sanduku pamoja na nguo zako, hajui ni la nani. Alilitoa akampa. Muhanna alilifunika usoni, na wakalia pamoja, yeye na mama yako, kilio cha nyumba moja.

Arobaini yako ilipofika, Muhanna alileta gunia la mchele kwa ajili ya hitma. Wanawake waliokuja kusaidia kupika wakakunja mikono. "Mchele wa mkono ule hatuutii chunguni," wakasema, na Mwanne akiwa katikati yao hajasema kitu. Mama yako hakubishana. Alikoka moto mwenyewe, akaosha mchele ule, akaupika, na ulipoiva akapakua sinia moja akalipeleka kwenye mkeka wa wanaume, akaketi mbele ya watu wote na Muhanna. Alikula tonge la kwanza. Muhanna akala la pili. Semeni akaja na mwanao Tufaha wakanawa. Kisha mzee mmoja wa Isevya akanawa mikono, akasema, "Nisogezeeni, mchele unapoa." Wengi walikula. Wengine waliondoka na njaa zao, na mpaka leo wapo wanaosema wanachokisema.

Ni kwa ajili ya hao tumeandika. Uliuawa na kichomi, Twalibu, na ushupavu wako uleule uliotufanya tujivune nawe. Hakuna mkono wa mtu. Mtu akitaka kukulipia kisasi, akawaite vijana wote wenye kifua na kikohozi awapeleke wakatibiwe.

Hitma ya mwaka itasomwa nyumbani Isevya, Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri. Mchele umeletwa na Muhanna. Asiyeutaka tunamtakia siku njema huko kwake.

Unakumbukwa na mama yako Mwanamkuu, mkeo Semeni, binti yako Tufaha, dada yako Swaumu wa Nzega, ndugu yako Muhanna, wapagazi wako wote waliobaki kwenye kikundi, na wenye koroboi zako. Tuwe tumekaa au tuko safarini, hatutakusahau. Mola akulaze palipo pema.

Mama yako ameomba nafasi iliyobaki awape vijana mambo ya kuepuka:

Kuacha sindano katikati kwa sababu umepata nafuu.

Kupuliza baragumu au zumari ukiwa na homa, hata wageni wawe wamekaa jukwaani.

Kushinda na nguo mbichi mwilini.

Kulala juu ya marobota ya pamba lori likiwa linakwenda. Huko nako tumezika.

Kufuata upande mmoja wa mwiko, ule unaokupendeza.

Kumcheka mama anayekuonya. Kumcheka ni sawa, lakini uwe umemsikia.

Kumnyima mtu salamu kabla hujamuuliza.