Kipimo Ulichonificha

Mpendwa mke mwenzangu Mwanakombo,

Mimi kalamu siijui, hilo wewe walijua. Hapa nasema tu. Anayeandika ni mjukuu wako Nuru, na nimemwapisha asipunguze neno. Akinisikia nakusema vibaya, aandike vivyo hivyo.

Ulikuwa mchoyo, Mwanakombo. Si wa chakula, la. Mtongwe nzima hakuna aliyepita mlangoni petu akarudi na njaa. Ulikuwa mchoyo wa kipimo. Miaka thelathini tumeoka biskuti za Idi jiko moja, mimi nakoroga, wewe watia. Ikifika zamu ya sukari, wanipa mgongo kama mtu anayevua nguo.

Nakumbuka nilipoletwa mke wa pili. Mwezi mzima hukunisemesha. Ukiwa na neno, wamwambia paka: "Paka, mwambie mgeni asimwage maji mlangoni." Mpaka Ramadhani ikaingia, siagi ya biskuti ikawa nyingi, na mkono wako ulikuwa umeteguka. Ndipo ukanitazama. "Njoo ukoroge." Nikaja. Hata sijazungusha mwiko mara tatu: "Wakoroga ama waibembeleza?" Basi, udugu wetu ulianza hapo. Na mume wetu alipotangulia, tulibaki wawili tukigombana vizuri.

Hii ilikuwa Idi ya kwanza bila yako. Nuru, uliyemlea tangu hajaota meno, aliniambia mapema, "Bibi Mdogo, mimi Idi sitaki. Nguo mpya sitaki. Biskuti sitaki." Tangu tukuzike hakulia, wala jina lako hakulitaja. Ningependa angalau avunje sahani. Na wewe siku zile za mwisho ulinishika kanga ukasema, "Watoto wasikose biskuti zao." Mtu akikushika kanga hivyo, wafanyaje? Nikasema sawa. Na kipimo hukunipa hata hapo!

Siku mbili kabla ya Idi nikachunga unga. Tatizo ni kuonja. Nimefunga. Ustadhi asema mpishi aweza kuonja akatema, lakini mimi najijua, kitu kitamu kikishaingia kinywani hakirudi. Nuru naye alikuwa amefunga, tena kakaa kizingitini na uso wa ndimu. Asiye na saumu ni Zuhura peke yake, yule wa mwanangu Ali, miaka mitano.

"Zuhura, sukari yatosha?"

Akalamba kidole. "Bado kidogo, Bibi."

Nikaongeza. Akalamba. "Bado."

Mara sita, wallahi! Mimi nami namwamini. Sikufikiria kwamba siku atakayosema yatosha, na kulamba kumekwisha.

Tukakata biskuti ziwe miezi kwa mdomo wa gilasi. Tukanyunyiza sukari ya rangi, nyekundu na kijani. Zuhura akaipa miezi yake macho na meno ya zabibu, nikamwambia mwezi wenye meno hauonekani hata Maka, akasema huu ni wa Likoni. Trei zikaenda tanuri la mikate.

Mwokaji alizirudisha mwenyewe, si kawaida yake. "Shikamoo, mama. Samahani, ulinipa biskuti ama ulimbo?"

Miezi yote imeyeyuka, imekuwa jamvi moja, limegandia trei. Meno yametapakaa kila pembe.

Nikakaa chini na trei moja mapajani, nikakusema kwa sauti. "Mwanakombo, umeniaibisha! Ungenipa kipimo, ungepungukiwa nini huko uliko?"

"Viganja vitatu vya Bibi Mkubwa," Nuru akasema kule kizingitini, "na kiganja kimoja changu."

"Nini?"

"Sukari. Yeye atia vyake vitatu, kisha mimi natia changu. Kila mwaka."

Kumbe ulipokuwa wanipa mgongo, mtoto alikuwa mbele yako! Na alipolitaja jina lako, yakamtoka yote. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Nikalia na mimi. Zuhura naye akalia, maana hapendi kuachwa nyuma.

Tulipomaliza kupenga makamasi, nikachunga unga mwingine, nikanyoosha mkono wangu. Nuru akaukagua kama samaki wa sokoni. "Wako mdogo. Lakini ukijaza sana utafaa." Nikajaza sana mara tatu. Akatia chake, akakitazama, akarudisha kidogo gunini. "Mkono umekua," akasema.

Safari hii kila mwezi ulitoka tanurini peke yake. Lile jamvi la kwanza tulilikata kwa panga, watoto wa mtaa wakalimaliza magharibi, na Zuhura ndiye aliyelisifu zaidi.

Asubuhi ya Idi Nuru alivaa nguo yake mpya bila kuambiwa. Akabeba sahani za majirani, mimi nikabaki mlangoni nikijifanya nafagia. Jirani wa kwanza akafunua, akala moja pale pale, akauliza, "Biskuti hizi za mwaka huu kaoka nani?"

Nikauacha ufagio. Sikio lote liko kule.

"Bibi zangu," Nuru akasema, akaenda nyumba ya pili.

Hapa Nuru ataka niseme neno la mwisho. Neno la mwisho ni hilo lake. Mungu akulaze pema, dada.

Mke mwenzio