Mazoezi ya Ziwani na Habari za Baba

Kwa Mzee Chenge,
Nyuma ya mashine ya kusaga, Mkuyuni,
Mwanza.
14 Septemba, 1997.

Mpendwa kaka Maige,

Shikamoo. Anayekuandikia hapa ndiye mwanamume mwenye nguvu kuliko wote kuanzia Mkuyuni mpaka njia panda ya Usagara, na sangara wakisikia nimeingia majini wanahamia upande wa Uganda. Pushapu napiga mia mbili kabla ya chai. Usibishe, hukuwepo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mtwara, wewe na shemeji Wilhelmina na mtoto. Je, homa yake ilikwisha? Tangu nimsomee mama barua yako ya mwezi wa sita, kila siku ananiuliza kama mtoto anakula, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika kijiko huko kwenu.

Sisi huku tunaendelea. Mama yupo na mandazi yake. Mdogo wetu Queen yupo darasa la tano na mdomo umeshampita kimo. Mvua bado. Gugumaji limejaa ziwani, siku nyingine ukiamka unadhani mtu kapanda mchicha juu ya maji, mpaka upepo ulisukume liende kwa wenzetu.

Baba naye ni mzima wa mwili. Habari zake ndizo zilizonikalisha chini kuandika, maana unajua mimi na kalamu tuliagana kidato cha pili.

Uliandikiwa kwamba wamempunguza kazi kiwandani, lakini kuandikiwa si kuona. Mtu aliyebeba marobota ya pamba miaka ishirini na miwili anaamka alfajiri, anavaa ovaroli lake la bluu, anafika mlangoni, anakumbuka, anakaa. Hivyo hivyo, miezi mingi. Akawa haongei. Mama akimwambia chakula tayari, anaitikia kama mgeni aliyekaribishwa nyumba ya watu. Alipopimwa presha, daktari akasema afanye mazoezi. Baba akamjibu, "Mazoezi nimeyafanya miaka ishirini na miwili, daktari. Yamenifikisha hapa kwako."

Mwezi wa tano ikaja habari ya boti. Unamkumbuka Nadim, mtoto wa Mzee Tayabali mwenye duka la vifaa vya ujenzi? Kwa vile siku hizi kila mwenye uwezo anaruhusiwa kufanya biashara yake, alinunua boti ya kupeleka mizigo Ukerewe na visiwa vingine. Akatangaza anataka watu sita wa kufanya kazi humo. Lakini tangu ule msiba wa meli wa mwaka jana, ambao unajua ni nyumba ngapi mtaani kwetu zilikaa matanga, Nadim aliapa hamchukui asiyejua kuogelea. Kila anayetaka kazi ataogelea kutoka ufukweni mpaka boti ilipotia nanga na kurudi, bila kushika kitu. Akitoka majini, abebe mifuko mitatu ya saruji, mmoja mmoja, kutoka bohari mpaka gatini.

Baba alisikia habari hiyo kwa Queen. Kesho yake akamwuliza mama kama kaptura yake ya zamani bado ipo. Mama alinisimulia huku anafuta macho kwa kanga. Kaka, mifuko ya saruji kwa baba ni kama matandiko. Kazi ilikuwa maji. Sisi watu wa Misungwi maji tunayoyajua ni ya lambo, tena tunayajua kwa kusimama pembeni na ng'ombe.

Hapo ndipo kinapoingia kikundi chetu cha mazoezi. Tulianza watu wanne, sasa tuko kumi na saba. Mwalimu wa maji ni dada Selina, Mkerewe anayeuza dagaa hapa sokoni. Anaogelea na kaptura na fulana ndefu, na ulimi wake ni mkali kuliko miiba ya sangara. Siku ya kwanza alitutazama akasema, "Nyie Wasukuma mna vifua kama milango, na mkiingia majini mnazama kama milango." Wa vyuma ni Yakobo, rafiki yangu ninayeuza naye mitumba, aliyejaza saruji kwenye makopo ya rangi akaunganisha kwa bomba. Wa kila kitu kingine ni mimi.

Tunakutana Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, pale kwenye mawe makubwa pasipo na matete, maana penye matete kuna kichocho, na siku mbaya kuna mwenye meno. Tunaanza na mchakamchaka. Halafu kila mtu anainua chuma mara ishirini, anachuchumaa na kuinuka na debe la mchanga begani, anaingia majini, anaogelea mpaka jiwe la pili na kurudi, anakamata debe tena. Selina ndiye aliyetaka tuchanganye hivyo. Anasema mkono uliochoka nchi kavu ndio unaofundishika majini, maana hauna tena nguvu ya kupigana na maji. Mwanzoni nilimcheka. Siku hizi namwamkia.

Mimi kazi yangu ni kuimbisha. Unakumbuka kulima kwa ngoma kwa bibi Kija? Watu mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na anayebaki nyuma anaimbwa, yeye na uvivu wake na ugali anaokula bure. Na hana ruhusa ya kukasirika, dawa yake ni kukaza jembe. Basi nikauleta mtindo huo ziwani. Naimba mimi, wanaitikia wote. Yakobo nilimwimba wiki nzima, "Yakobo miguu ya mlenda, maji yamkataa, debe lamkataa," mpaka akaniapia atanizamisha. Lakini wiki ya tatu alikuwa wa kwanza kufika jiweni. Nakwambia, wimbo unamwamshia mtu nguvu ambazo hata yeye hakujua anazo.

Baba alipokuja mara ya kwanza, watu walimpisha. Alinyanyua debe akazunguka nalo mara mbili ya sisi vijana, akaliweka chini taratibu, hata pumzi haikubadilika. Kisha akasimama ukingoni, maji kwenye vifundo vya miguu, na pale akaganda. Selina akamfuata.

"Mzee, haya maji hayana ugomvi na wewe. Yanataka tu ulale."

"Nilale? Mbele ya watoto?"

"Wote walilala kabla yako, mzee. Huyu mwanao Ngosha alilala akipiga kelele."

Huo ni uongo wa Selina, usiuamini. Lakini baba alitabasamu, akaingia. Ilimchukua wiki mbili kukubali. Halafu asubuhi moja nikamwona baba yetu chali juu ya ziwa, macho mbinguni, mikono ya Selina chini ya mgongo wake. Selina akaondoa mkono mmoja. Akaondoa wa pili. Baba akabaki palepale. Akacheka peke yake, kaka. Nilikuwa na debe begani nikalisahau huko huko juu.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilibadilika. Ovaroli likaenda msumarini. Akirudi ziwani anamwambia mama alivyofika jiwe la kwanza, kisha la pili, na mama anamwongezea chai. Akanifundisha namna ya kuinua mzigo kwa mapaja, mgongo usiumie, na mimi nikawafundisha wenzangu kana kwamba ni akili yangu. Mama aliponisikia naimbisha nyumbani aliniita jikoni akaniambia, "Wewe, utani una watu wake. Mwimbe Yakobo, mwimbe bibi yako. Baba yako usimwimbe." Nikamwambia, mama, mimi si mjinga.

Selina alimfundisha baba kwa namna yake. Akichoka katikati, asipigane, alale chali, apumzike, kisha aendelee. Nadim mwenyewe aliulizwa, akasema hana haraka na mtu, anayetaka kulala alale hata nusu saa, mradi asishike kitu na arudi mwenyewe. Kwa hiyo tulijua baba ataweza. Kwenda angekwenda, kurudi angepumzika mara moja, au mbili.

Jaribio lilikuwa Jumamosi ya tarehe sita. Walijitokeza watu kumi na mmoja, na ufukwe ulijaa kama siku ya gulio. Baba aliingia pamoja na Yakobo. Alikwenda vizuri, mkono baada ya mkono, akafika kwenye boti. Akageuka. Katikati ya njia akalala chali kama alivyofundishwa. Baadaye kidogo tukamwona anageuka na kupiga maji ovyo, kisha kichwa kikapotea. Yakobo aliyekuwa mbele alirudi, Selina akajitosa na nguo zake, wakamleta mchangani. Alitapika maji mengi. Alipoweza kusema, alisema msuli wa mguu ulimkaza.

Nafasi sita zilijaa. Yakobo kapata, na kwa kuwa alirudi kumwokoa mtu, Nadim alimtaka aanze upya siku ileile; akaanza, akamaliza. Baba aliambiwa kwa heshima, "Pole sana mzee. Boti ya pili inakuja mwezi wa kumi na moja, njoo tena, nakungoja." Baba akashukuru. Akaondoka kwa miguu mpaka nyumbani, maji yanachuruzika.

Tangu siku hiyo hajafika ziwani. Jumatatu tulimngoja. Jumatano Selina alikuja mwenyewe mpaka nyumbani na kisado cha dagaa, akazungumza naye barazani, akarudi peke yake. Asubuhi ya leo nimemkuta baba amevaa ovaroli, amekaa mlangoni. Mama alimpa chai na kurudi jikoni.

Mambo mengine. Bibi Kija anakusalimu kutoka Misungwi, anasema macho yake hayaoni mbali lakini picha ya mtoto ataiona, kwa hiyo itume. Paa la jikoni nimeliziba mwenyewe. Kanisani wamechagua viongozi wapya wa kwaya, na mimi nimekataliwa kwa mara ya tatu, ni wivu tu. Queen anataka daftari lenye mistari miwili na anasema ukimletea lenye mstari mmoja utarudi nalo.

Nisalimie shemeji Wilhelmina sana, mwambie mkwe wake anamwombea kila jioni. Nibusie mtoto. Wasalimie na kina Mashimba hapo jirani zako, yule aliyetuletea korosho mwaka juzi. Mama anakusalimu, Queen anakusalimu, Yakobo na Selina pia, ingawa Selina hakujui. Mungu awakinge na homa na ajali, awape riziki ya halali, atukutanishe tukiwa bado tunatambuana sura.

Nilikuwa nimekwisha kukunja karatasi, kaka. Nimeikunjua.

Baba alipolala chali pale katikati, kulikuwa na vijana wa mtaa wa pili nyuma yangu. Mmoja akauliza, "Yule mzee anaoga au kafa?" Watu wakacheka. Na mimi wiki nzima nilikuwa nimetembea mtaa mzima natangaza kwamba baba yangu atawashinda wote. Nikasikia aibu. Nikaona kama ananiangusha. Kabla sijafikiri, mdomo ulikwisha kufunguka, na ulifunguka kwa ule wimbo.

Sikusema baba. Nilimtaja jina. "Chenge kalala, jembe limemshinda, ugali wa mkewe anaula bure." Kikundi kizima kikaitikia, kwa mazoea tu, kama tunavyoitikia siku zote. Sauti za watu kumi na tano juu ya maji.

Alitusikia. Nilimwona anainua kichwa. Hakuwa amechoka, alikuwa anapumzika kama alivyoambiwa, na mwendo uliobaki alikuwa anauweza. Ndipo akageuka akaanza kupigana na maji ili awahi.

Selina alipomwuliza pale mchangani kumetokea nini, baba alinitazama kwanza mimi. Kisha akawaambia watu ni msuli. Mama anaamini ni msuli. Kila jioni anamkanda mguu kwa maji ya moto, na baba anaunyoosha, anakandwa. Mimi ndiye ninayechemsha hayo maji, na sijamwambia mama, wala baba sijamwomba radhi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Ngosha Chenge.