Posa Imeniokoa Ulingoni, Sasa Kijana wa Watu Anaitwa Mwoga

Shangazi Odeta,

Sijui nikuamkie au nisubiri uniamkie, maana gazetini hawaandiki umri wako, basi kama umenizidi shikamoo, na kama nimekuzidi marahaba, tuendelee. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mkazi wa Butimba, nilipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mwaka juzi na sasa natengeneza baiskeli, na ninakuandikia nikiwa na furaha ambayo inanitia aibu, kwa hiyo usishangae ukiona nacheka na kulia kwenye karatasi hiyo hiyo moja.

Nilikuwa bondia. Nilipigana ngumi za ridhaa tangu mwaka sitini na nane mpaka sabini na tano, nikapigana Magu, Geita, Musoma, hata Tabora tulikwenda kwa treni tumekaa juu ya mabegi yetu, na zawadi ilikuwa kikombe cha bati na kupeana mkono na mkuu wa wilaya, basi, unarudi nyumbani na uso umevimba na unaona fahari. Pambano langu linalojulikana ni lile la Magu, uwanja umejaa watu waliotoka kuuza pamba, nikapigwa ngumi ya jicho la kushoto raundi ya pili likafumba kabisa, kocha wangu, Mungu amrehemu, akachukua taulo alirushe ulingoni pambano lisimame, nikamwambia ukilirusha nashuka nakupiga wewe, basi akabaki amelishika tu mkononi, nikamaliza na jicho moja na nikashinda kwa pointi. Hadithi hiyo nimeisimulia miaka ishirini pale kwa Shimba kinyozi, na kila nikiisimulia namalizia kwa kusema bondia wa zamani harushiwi taulo.

Kwa Shimba ndiko tunakobishana. Vijana wanatoka kwenye vibanda vya video wameona mabondia wa Ulaya na Marekani, wanasema wa sasa ni wepesi, wana mbinu, wana kinga ya meno na daktari anakaa pembeni, na mimi nawajibu hao ni wacheza dansi, akipigana dakika tatu anakimbilia kiti, anapakwa mafuta kama bibi harusi, sisi tulikimbia na mfuko wa mchanga mgongoni tumekunywa uji mtupu. Siku moja alikuwepo Okech, kijana wa Shirati anayepakia mizigo kwenye kivuko cha Kamanga, na ndiye bondia anayetamba mjini siku hizi, alikuwa ananyolewa, akasema kwa adabu kabisa, "Mzee, ninyi mlikuwa na moyo, lakini mlikula ngumi nyingi ambazo zingekwepeka." Watu wakaangua kicheko. Mimi nikasimama nikasema wewe mtoto, hata leo na mvi zangu hizi nakulaza raundi ya tatu.

Kumbe Ngosha alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri zamu yake. Huyu zamani alikuwa anaonyesha video, tangu biashara ziachiwe huru amejigeuza promota, na kabla wiki haijaisha mabango yalikuwa yamebandikwa kila ukuta kuanzia stendi mpaka sokoni, "ZAMANI NA SASA, NANI DUME?", Okech upande mmoja na mimi upande wa pili na picha yangu ya mwaka sabini na mbili. Ningeweza kukataa, Shangazi. Sikukataa, nilikuwa napita sokoni mara tatu kwa siku kuliangalia lile bango.

Mazoezi yakanionyesha. Nikiruka kamba dakika mbili moyo unataka kutoka nje, magoti yanalia, na jicho la kushoto, hili hata mke wangu sijamwambia, tangu Magu linaona ukungu na miaka hii miwili upande huo ni giza tupu. Wiki tatu kabla ya pambano Okech akaja ninapofanyia mazoezi, kwenye mawe nyuma ya nyumba, nikasikia "Shikamoo mzee", nikaitika marahaba huku napiga gunia langu, sikujua kwamba amesimama kushoto kwangu amenyoosha mkono, na sijui aliunyoosha muda gani, mpaka niliporudi nyuma mbavu zangu zikaugonga nikaruka kama nimekanyaga nyoka. Akahamia kulia, akanisalimia upya, akauliza habari za mvua, akaenda zake.

Siku ya nne baada ya hapo wakaja wazee wawili na mshenga na barua ya posa. Okech anamtaka binti yangu Wilhelmina anayesomea ualimu, kumbe wanajuana mwaka na nusu na mimi ndiye wa mwisho kujua katika nyumba yangu. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayepokea posa katika ukoo wetu, akaipokea palepale, halafu akanigeukia akaniambia, "Sasa wewe na mkweo mtavuana mashati mbele ya watu? Mkwe umwone kifua wazi, halafu umpige ngumi ya pua? Katika ukoo huu haijatokea na haitatokea." Wazee wa Okech nao wakasema hata kwao ni mwiko mkubwa, aliyemtoa damu baba wa mke hana nyumba. Pambano likafa hapohapo kabla hata soda hazijaisha.

Nilitoka nje nikajifanya nimekasirika, nikaipiga teke ndoo, kisha nikaingia bafuni nikafunga mlango nikacheka mpaka machozi yakanitoka, nikalala fofofo kwa mara ya kwanza tangu mabango yale. Nimepona, Shangazi! Nimepona na heshima yangu mkononi! Lakini sasa sikiliza huku mjini, wanasema Okech aliniogopa akajificha nyuma ya posa, makuli wenzake pale Kamanga wanamwita Bwana Posa, Ngosha amemwondoa kwenye pambano la Musoma la mwezi wa kumi na moja akisema mwoga hauzi tiketi, na yule kijana hajibu neno kwa kuwa mimi sasa ni mkwewe. Na mimi? Mimi nakaa kwa Shimba wakiniuliza mzee ungemlaza ya ngapi, nasema ya tatu, lakini ndiyo hivyo, mkwe.

Jumapili Wilhelmina alikuja nyumbani, hakukaa hata chini. Akaniambia, "Baba, ile barua ilikuwa iletwe Desemba baada ya mitihani yangu. Okech ndiye aliyeiharakisha. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia tu, baba yako haoni kushoto." Halafu akasema yeye haolewi na mtu ambaye baba yake mwenyewe anamwacha aitwe mwoga mji mzima, ama niwaambie watu, ama anaomba barua irudishwe.

Nikisema kweli, Magu yangu yote imekwenda na maji. Nikinyamaza, binti ananitoka na kijana mwema kaharibikiwa. Nifanye nini, Shangazi? Naomba majina yetu yasitoke.

Ngumi ya Zamani,
Butimba

*

Ngumi ya Zamani,

Nimekuzidi miaka minne. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, na sasa vuta kiti nikuseme.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini bwana wee, mji huu ulikuwa na bango moja tu la namna hiyo. Mimi mwenyewe nililipita pale stendi nikasema huyu mzee ana wazimu. Kwa hiyo usijidanganye kwamba umejificha. Gazeti hili linauzwa stendi tangu asubuhi mapema, na kwa kinyozi wako, najua vinyozi, halifiki mpaka saa nne. Hayo ndiyo masaa uliyonayo. Ulisome hapo ulipolinunua, ulikunje, uende.

Kabla sijakugombeza zaidi, nikupe pole na nikupe hongera, vyote pamoja. Furaha yako si ya aibu hata kidogo. Mtu aliyekuwa apande ulingoni na jicho moja, apigwe na kijana anayebeba magunia kutwa nzima, halafu akaambiwa rudi nyumbani kunywa soda, asipofurahi huyo ndiye wa kupelekwa kwa daktari. Cheka, baba. Nami nilipofika kwenye ile barua ya posa nilipiga makofi peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakaja kuchungulia. Kupona si kosa. Umekosa pale ulipokaa kwenye benchi la kinyozi ukajitwalia ushindi ambao hukuupigania, na ukamwachia mwenzio fedheha aliyoibeba kwa ajili yako. Ya tatu, ya tatu! Ungemlaza raundi ya tatu mtu ambaye hata mkono wake huuoni?

Sasa hilo la zamani na sasa. Msinione mwanamke mkadhani sijui ngumi. Kaka yangu alipigana miaka hiyohiyo yako, na huenda mlikutana. Naye hakuwahi kurushiwa taulo, na naye alikuwa na hadithi zake tulizozipenda sana. Leo yupo kwangu, ninamfunga vifungo vya shati kila asubuhi, na kikombe chake cha chai najaza nusu, kwa sababu nikijaza chote atamwaga. Huyo ndiye bondia wa zamani ninayemjua mimi. Nampenda kuliko ninyi wote mnaobishana, na ningetoa vikombe vyake vyote vya bati kama siku moja tu kungekuwa na mtu kwenye kona yake wa kusema basi, inatosha. Moyo mlikuwa nao, hilo halina ubishi. Lakini moyo hata wa sasa wanao. Kilichozidi leo ni yule daktari anayekaa pembeni mnayemcheka, na akili ya kukwepa. Kijana alikwambia kweli na shuka la kinyozi shingoni, ukaona amekutukana.

Tena hebu jiulize. Angetaka kukushinda angeshindwa nini? Alishajua upande usioona. Angekaa kushoto kwako dakika moja tu, ngumi mbili, jina lake lingefika mpaka Dar. Badala yake akaenda kuwaamsha wazee wake, akaharakisha barua ambayo haikuwa imefika wakati wake, akakubali aitwe Bwana Posa mbele ya makuli wenzake, na hakumwambia mtu ila binti yako, naye kwa sentensi moja. Mkwe wa namna hii watu wanamfungia safari, wewe kakujia mwenyewe hadi mlangoni.

Basi fanya hivi. Nenda kwa Shimba leo, usikae, simama. Sema: jicho langu la kushoto halioni, kijana aliligundua, akaleta posa ili nisiumie, mwoga nilikuwa mimi. Maneno ni hayo, usiyaongezee Magu. Najua utataka kuiongeza Magu. Watakucheka siku mbili, siku ya tatu atakuja mwingine wa kuchekwa, mji huu haukosi. Ukitoka hapo mfuate Ngosha, umwambie mbele ya watu amrudishe Okech kwenye pambano la Musoma, na akikataa mwambie Shangazi Odeta ana kalamu na anajua anapoishi.

Wiki hii hii nenda hospitali ukaonyeshe jicho, hata kama unadhani limekwisha, maana lile la kulia ndilo lililobaki na ni lako peke yako. Nenda na mkeo. Unasema hajui? Kesho asubuhi angalia chai anakuwekea upande gani wa meza, halafu uniandikie.

Kwa binti yako usipeleke mshenga, usipeleke kaka yako. Nenda mwenyewe mpaka chuoni, umwombe radhi. Baba akimwomba radhi mtoto hapungui, tena huyu ni mwalimu, atakusahihisha vizuri tu.

Na mwezi wa kumi na moja nenda Musoma, ukae kwenye kona ya Okech. Najua utaniambia mwiko. Sijakwambia umpake mafuta wala umfute jasho, hayo wafanye wenzake. Wewe vaa koti lako, kaa mbali kwa adabu kama mkwe, ushike taulo, kaka yako hawezi kulikataa hilo. Mgeuzie kijana jicho lako zima, na masikio yako uwafungie mashabiki. Siku hiyo akikwambia usilirushe, na atakwambia, kwa sababu ana moyo kama wako, usimsikilize kama kocha wako alivyokusikiliza wewe. Ukiona amezidiwa, lirushe mapema. Yeye lako alilirusha, na hakungoja umruhusu.

Shangazi Odeta