Mchele Haupandwi

Ni mwaka sasa, Baba, tangu tulipokukuta umeinamia ungo mchana kweupe, miwani imekuponyoka, tukadhani umesinzia.

Walikuita Mzee Jino. Wageni walidhani ni kwa ajili ya pengo lako la mbele. Wakulima walijua. Mtu alifungua gunia lake, ukachukua punje moja, ukaiuma, ukainamisha kichwa kama anayesikiliza. "Bado siku mbili juani," ulisema, au, "Huu tayari, peleka mashineni." Kampuni ilipoleta kipimo cha unyevu cha betri, kilikubaliana na jino lako miaka sita, kisha kikafa. Jino likaendelea na kazi.

Ulikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa maneno matatu. Mtoto aliyesema "shamba la mchele" alisimamishwa mlangoni.

"Shambani kuna nini?"

"Mpunga, Baba."

"Mashineni hutoka nini?"

"Mchele."

"Na kwenye sahani?"

"Wali."

"Haya, ingia ule huo wa tatu."

Dada alipokuuliza kama vyote si kitu kimoja, ulimjibu: "Mpunga una roho, mwanangu. Mchele ni maiti iliyooshwa. Uzike uone kama utaota."

Mbegu yako uliichagua misimu kumi na minne, suke kwa suke, mpaka ukapata mpunga mfupi usiolazwa na upepo, wenye punje ndefu na harufu inayofika barabarani kabla chungu hakijafunuliwa. Ukaiita Mama Watoto. Kwa hiyo wanaume wazima walisikika wakitamba, "Mwaka huu nimepanda Mama Watoto," na Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza ni nani huyo.

Kampuni wakati huo ilikuwa banda moja na mashine moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mkurugenzi wa leo alikuwa kijana mwembamba asiyejua kupanda kwa mstari. Ulimshika mkono matopeni, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. Likaja banda la pili. Zikaja biskuti za mchele, uji wa watoto wachanga, tambi, pakiti zenye lugha tusizoweza kuzisoma. Meli zikapakiwa. Kampuni ya mpunga ikawa kampuni ya chakula, na kampuni ya chakula ikawa ya dunia nzima. Dunia yote hiyo, Baba, ilitoka kwenye mbegu uliyoifunga kwenye kitambaa na kuining'iniza juu ya moshi wa jiko letu, wadudu wasiiguse.

Kisha wageni, wanunuzi kutoka ng'ambo, wakataka mbegu iwe na mwenyewe kwa karatasi.

Tulikusindikiza sote siku ile. Ukumbi ulinuka rangi mpya. Mkurugenzi alikuwa amekueleza kwa mdomo, na ukakubali: mbegu inakuwa ya kampuni, hakuna atakayeipanda nje ya kampuni, ila wewe na kizazi chako mtapewa magunia mawili kila msimu kwa ajili ya shamba lenu. Karatasi ilikuwa ya lugha mbili. Mkalimani, kijana wa tai, akaisoma kwa sauti: "Magunia mawili ya mchele."

Dada alikugusa kiwiko. "Baba, wameandika mchele."

Ukacheka kwa kificho. "Mwache. Lugha yao ina neno moja tu, maskini."

"Warekebishe kwanza."

"Mgeni hakosolewi mbele ya watu. Mkurugenzi si yupo? Huyo nimemfundisha mwenyewe."

Mkurugenzi alikuwapo. Alikuwa anatazama kalamu yake. Ukatia sahihi, nasi tukapiga makofi, hata mimi niandikaye haya, niliyejigamba kwamba neno halinipiti. Tuliwacheka wageni kwa kutojua tofauti ya mpunga na mchele, na tukarudi nyumbani tukiwa na furaha ya mjinga aliyemwona mjinga mwenzake.

Tukuambie ukweli, kwa kuwa hukupenda mazishi yenye uongo: upole wako ndio uliotumaliza. Ungemwaibisha mtu mmoja kwa dakika moja, leo tungekuwa na shamba. Ulichagua adabu. Adabu haioti, Baba. Nayo ni mchele.

Msimu ulipofika, mbegu yote imekwisha kukusanywa na kampuni, hata ile ya juu ya jiko letu, ulikwenda getini na magunia mawili matupu, umevaa shati la kupigia picha. Mtunza ghala alikuona akatazama chini.

"Mzee, karatasi inasema mchele."

"Mwanangu, mimi na wewe tunajua ilikusudiwa nini."

"Mimi najua. Karatasi haijui."

Ukapanda ngazi kwa Mkurugenzi. Ulisubiri tangu asubuhi mpaka saa nane, chini ya picha yako mwenyewe, kwa sababu walikuwa wamekwisha kukuchora: Mzee Jino anatabasamu, ungo kifuani, pengo limezibwa. Alipotoka alikukumbatia. "Mzee wangu," alisema, "wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hayo ni maneno mawili tofauti. Ungesema siku ile."

Hukuwahi kutusimulia hilo. Mtunza ghala, aliyekufuata ngazini, ndiye aliyetuambia, siku ya mazishi, akilia.

Magunia yalifika kwa gari jeupe, na uso wako juu yake. Mchele mweupe, mrefu, safi. Shamba likabaki tupu, nyasi zikakufika kiunoni. Ulikataa kuchanganya mbegu ya jirani na udongo ule. "Nitasubiri," ulisema, na hakuna aliyethubutu kuuliza unasubiri nini.

Ndipo ukachukua ungo. Kila siku baada ya chai ulimwaga kibaba kimoja cha mchele, ukaketi dirishani, ukachambua punje moja moja.

"Baba watoto, unatafuta nini humo?" Mama aliuliza. "Mashine yao haiachi hata jiwe."

"Natafuta makosa."

Ulitafuta chuya, punje iliyoponyoka mashineni na ganda lake. Mashine yetu ya zamani iliacha chuya mpaka wapishi wakaitukana. Mashine yao mpya ilivuka bahari ili isikosee. Gunia la kwanza ulipata mbili. La pili, moja. Majirani walipita dirishani wakinong'ona kwamba Mzee Jino sasa anahesabu mchele, akili zimekwenda. Uliwasikia. Uliinua mkono ukawasalimia.

Misimu mitatu, magunia sita, macho yako yakaisha. Tulipokuinua ungoni siku ile, ngumi yako ilikuwa imefungwa, na Mama peke yake ndiye aliyeweza kuifungua. Punje moja, na ganda lake. Nane nyingine zilikuwa kwenye kibweta cha miwani.

Kampuni ilituma shada la maua lenye nembo yake. Ilituma pia mpiga picha.

Tulizipanda zote tisa kwenye beseni la kufulia, nyuma ya jiko. Tano zilioza. Nne zikaota, Baba. Hazikulala kwa upepo.

Mwezi uliopita Mkurugenzi alikuja kuomba ruhusa ya kuandika "Kumbukumbu" chini ya uso wako, kwenye pakiti za soko jipya. Mama alimpa chai. Mgeni akazunguka nyuma kunawa mikono, akaliona beseni, masuke yameinama. Akasimama. Kisha akachuma punje moja akaiuma, kama ulivyomfundisha. Akaijua. Tulimwona akiijua.

"Mama, hii ni nini?"

Mama hakuweka chini birika. "Mchele," alisema.

"Mama, mimi na wewe tunajua—"

"Mimi najua, mwanangu. Karatasi haijui."

Hakumaliza chai yake.

Uliyekuwa mkunga, wa mbegu za kila shamba,
Wamekupora mpunga, wakakuachia pumba,
Sura yako wakachonga, gunia wakalipamba,
Nami mwanao nachunga, neno lisije kuyumba.

Ruhusa ya pakiti hatukutoa. Wataandika tu, tunawajua. Masuke tumeyakata jana. Mama aliuma punje ya kwanza, akatema, akasema, "Bado siku mbili." Siku mbili hizo zikiisha tutakwenda kufyeka nyasi, na tutapanda mbele ya barabara, mchana, tunachoruhusiwa na karatasi, ambacho ni mchele. Atakayekuja kuung'oa tutamsimamisha kwanza pale mlangoni ulipotusimamisha sisi, tumwulize shambani kuna nini. Akijibu sawasawa, kwamba ni mpunga, atakuwa amekiri mbele ya mashahidi kile ambacho karatasi yenu ilikusudia.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye jina lake sasa linauzwa kwenye maduka asiyoweza kuyafikia. Na binti yako, aliyekugusa kiwiko na bado anaona angekugusa kwa nguvu zaidi. Na mtunza ghala, aliyeacha kazi na kuomba awekwe kwenye tangazo hili kama ndugu. Na wajukuu zako wawili, wasiokosea yale maneno matatu. Na mimi mwanao wa mwisho, niliyepiga makofi.

Lala, Baba. Sisi hatukusahau, wala hatutawasahau wao.