Waliofukuzwa kwenye kitabu cha mwanangu

Jumatatu, mtaani Kabondo. Mvua inapiga mabati tangu alfajiri, na hasira yangu ya jana imeamka pamoja nami, haijapoa hata kidogo.

Mimi sikukanyaga shule. Herufi alinifundisha marehemu mume wangu, fundi cherehani, kwa chaki yake ya kuchorea vitambaa, juu ya meza ya kukatia. Kifaransa hakunifundisha, maana hata yeye hakuwa nacho. Kwa hiyo hapa ni Kiswahili changu, na anayekiona kimepinda na apinde shingo asome.

Mwanangu Ramazani ni mwalimu. Ameandika kitabu kwa Kifaransa, mwenyewe anakiita riwaya. Ndani yake kuna bibi anayesimulia kisa cha Chui aliyejitangaza baba wa wanyama wote. Bibi huyo ni mimi. Kisa nilikipata kwa mama yangu kule Kasongo, na Ramazani alikipata kwenye mkeka wangu, pua ikimtiririka.

Sasa, kwetu kisa hakisimuliwi na mtu mmoja. Nikisema Chui aliwagawia wanyama nyama, yeyote aliyekaa mkekani ana haki ya kunikata: "Nilikuwa pale!" Mimi lazima ninyamaze. Wote wanamuuliza, "Uliona nini?" Naye anasema alichokiona: Chui alikula mapaja, akagawa kwato. Akimaliza ananirudishia kisa, tunaendelea. Mjukuu anaweza kumkata babu yake. Hata mkwe wangu, ambaye mbele yangu haya inamzuia kutafuna, kwenye kisa ananikata bila kupepesa macho.

Jana alasiri Ramazani alialika watu uani awasomee, kabla hajapeleka karatasi zake kwa wachapaji Kinshasa. Nilipika lituma, ndizi zikapondwa mpaka zikalainika, na samaki wa wavuvi Wagenia. Wakaja majirani, wakaja walimu wenzake, akaja pia sitoyeni Bosongo (siku hizi 'bwana' ni marufuku), katibu wa chama katika mtaa wetu, beji kifuani. Huyo ilibidi aalikwe. Asiposema kitabu ni kizuri, hakifiki hata bandarini kwenye meli ya Kinshasa.

Ramazani akasoma, akitugeuzia kwa Kiswahili. Bibi wa kitabuni akaanza kusema. Akasema. Akaendelea kusema. Sauti laini, kama ya mtu anayemwimbia mgonjwa. Chui akagawa nyama, watu mkekani kimya. Nikadhani labda wamo ukurasa unaofuata. Ukurasa ukageuzwa. Kimya.

Amewafukuza wote!

Nikajiambia, huyu si mimi. Huyu ni redio. Redio ndiyo inayosema peke yake kila asubuhi, ikimsifu mkubwa wa nchi, baba wa wote, na sisi tunapangwa mstari tuiimbie na kuichezea. Hakuna anayeiambia alikuwa pale.

"Nilikuwa pale!" nikapaza.

Ramazani akainua macho. "Mama, tafazali. Hii iko kitabu."

"Nimesema nilikuwa pale!"

Kisha, kati ya watu wote, Bosongo, lituma mdomoni: "Uliona nini?"

Ilimtoka tu. Mama yake ni wa Maniema kama sisi, amekulia kwenye mikeka hiihii. Nikasema nilichokiona, mapaja na kwato. Jirani yangu Mama Fatuma akadakia: "Na mie nilikuwa pale! Kwato zangu zilikuwa mbili, moja wakaniambia ni ya Chui, nimutunzie!" Ua mzima ukacheka. Mwalimu mmoja naye akasema alikuwa pale, aliona wanyama wakichezeshwa juani kwanza ndipo wapewe nyama.

Kicheko kikakatika. Kila mtu akatazama sahani yake.

Bosongo akanawa mikono taratibu, akavaa kofia. "Mama, chakula kilikuwa kitamu," akasema. "Mie nilikuwa nakula. Sikusikia kitu." Akaondoka. Na wengine wakakumbuka watoto wao.

Tulipobaki wawili, Ramazani akalipuka. "Mama, unataka banifunge? Batu bale nilibatosha mu kitabu kwa sababu hiyo! Tena kitabu hakina mukeka. Mutu anasomaka peke yake, mu chumba. Nani atamujibu?"

Hofu yake siicheki. Najua wanaochukuliwa. Nawajua wake zao, nimekaa nao matanga yasiyo na maiti. Lakini hilo lingine, la mtu anayesoma peke yake, nikaenda nalo jikoni. Nikaosha vyombo kwa kelele kubwa kuliko ilivyohitajika.

Leo asubuhi jibu likaja pamoja na mvua. Nikamkuta anakunywa chai.

"Bon, nisikilize. Unaogopa? Ogopa, una watoto. Basi nitoe. Andika mapenzi, andika mpira, nitakupikia vilevile. Lakini ukiniweka mimi, uwaweke na wao. Mie sitasema peke yangu ndani ya kitabu chako kama mukubwa fulani. Na huyo anayesoma peke yake chumbani, yeye ndiye anawahitaji zaidi. Akisikia wengine wanakata, hata yeye mdomo utamuwasha."

Akazungusha kikombe. "Na Kinshasa bakikikataa?"

"Ili wakikatae, lazima wakisome kwanza."

Alitaka kucheka, nilimwona, akajizuia kama baba yake. Halafu akachukua karatasi zake akaingia chumbani. Hakuniambia amekata shauri gani.

Sasa namsikia anapiga mashine ya kuandikia. Anaongeza watu au anamtoa bibi? Au ananitengenezea uongo mzuri, akijua Kifaransa sikijui? Kwa mashine, yote ni kelele moja.

Basi na apige. Akimaliza nitamketisha barazani, mchana, mbele ya wapita njia, anisomee kwa Kiswahili ukurasa baada ya ukurasa. Nikimkuta Chui anagawa nyama mbele ya watu kimya, nitamkata, mimi na koo langu hili.

Nampenda mtoto huyu mpaka kichwa kinaniuma. Ndiyo sababu sitamwacha aseme peke yake.